Udongo wa Kilungu na Maji ya Malindi

 

Ndugu wasomaji, somo letu safari hii ni la udongo. Huenda akatokea mtu akauliza: Udongo una nini hata ukaandikiwa somo, na sisi wengi wetu ni watu wa mji, tulio mbali na jembe? Tena kama ni udongo, mbona uwe wa Kilungu, katika nchi ya Wakamba, na hapa petu pana udongo wa kutosha?

Jibu ni hili. Malindi, Kilifi, na sehemu ya Mombasa hupata maji yao katika visima vya Baricho, vilivyochimbwa katika mchanga ulio kando ya mto Sabaki. Sabaki ndio huo huo Galana, na Galana ndio Athi baada ya kukutana na mto Tsavo. Na katika mito inayoujaza Athi mmoja ni Thwake, na Thwake hupokea maji ya mto Kaiti, ushukao katika vilima vya Kilungu. Basi mtu atawadhaye Malindi, au mama ajazaye mtungi wake Kilifi, hutumia maji ambayo baadhi yake yalinyesha Kilungu, yakapita juu ya udongo wa huko, kisha yakapita ndani ya udongo wa kandokando ya mto mpaka yakamfikia. Udongo huo ukiwa mzuri, maji huwa mazuri. Ukiharibika, tuharibikiwao si watu wa bara peke yao.

Tutasoma mambo matatu: kwanza, aina za udongo tangu kilimani hata mtoni, pili, jinsi udongo unavyohama, na tatu, jinsi udongo unavyotiwa sumu. Kisha tutataja yatupasayo.

UDONGO NI KITU GANI

Udongo si vumbi tupu. Asili yake ni mwamba uliooza kwa jua na mvua na mizizi, ukasagika muda wa maelfu ya miaka. Ndani yake mna punje za namna tatu. Kubwa ni mchanga, na punje yake haizidi milimita 2. Ya kati ni tope laini, lile lililo kama unga mkononi. Ndogo kabisa ni mfinyanzi, na punje yake haifiki sehemu 2 katika elfu za milimita, hata jicho haliioni. Pamoja na punje hizo mna mboji, nayo ni majani na mizizi iliyooza. Mna hewa, mna maji, na mna viumbe hai wasiohesabika, tangu nyungunyungu mpaka vijidudu visivyoonekana.

Mwanafunzi ashike sana khabari ya mfinyanzi, kwani ndiyo ufunguo wa somo lote. Kwa kuwa punje zake ni ndogo mno, konzi moja ya mfinyanzi ina uso mpana kupita kiasi ukikunjuliwa wote. Tena uso huo una mvuto, kama sumaku na misumari. Chakula cha mimea huganda hapo, mvua isikichukue. Lakini mvuto huo haubagui. Risasi, zebaki na kadimiamu, zote huganda hapo vile vile. Mchanga hauna mvuto huo. Maji hupita kati yake upesi, na machache tu hubakia.

Anayetaka kujua udongo wake ni wa namna gani na atwae konzi, autie maji kidogo, auviringe. Ukikataa kushikana, ni kichanga. Ukiviringika kama kamba, ukapindwa usikatike, ni mfinyanzi. Ukiviringika kidogo kisha ukakatika, ni tifutifu, nao ndio wakulima waupendao.

TANGU KILIMANI HATA MTONI

Vilima vya Kilungu vi katika Makueni, na kilele chake hufika kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari. Miamba yake ni ya kale sana, migumu, yenye mistari ya weupe na weusi. Mwenye kushuka kutoka juu mpaka mto Athi hukutana na udongo wa namna tano.

Wa kwanza ni wa vileleni. Huu ni mchache, umechanganyika na mawe, na jembe halishuki sana ila hugonga mwamba. Haufai kulimwa. Kazi yake ni kubeba msitu, na msitu huo ndio unaoinywesha ardhi mvua polepole, chemchemi zisikauke.

Wa pili ni udongo mwekundu wa miteremkoni. Huu ni mwingi na wa kina. Wekundu wake ni kutu ya chuma kilichokuwamo katika mwamba. Hukaa vizuri maadamu umefunikwa. Lakini ukiachwa wazi, matone ya mvua huupiga uso wake ukafunga kama saruji nyembamba, na maji yasipopata pa kuingia hutiririka na kuuchukua. Udongo huu ndio unaolisha watu wa Kilungu mahindi, maharagwe, mboga, kahawa na matunda, na ndio huo huo unaoyafanya maji ya Sabaki kuwa mekundu wakati wa masika.

Wa tatu ni kichanga cha chini ya vilima na mchanga wa mito ya msimu. Mito mingi ya Ukambani hukauka juu, lakini chini ya mchanga maji yamo. Wakamba hufukua mchanga huo kwa mikono wakateka maji safi wakati wa kiangazi.

Wa nne ni udongo mweusi wa tambarare, ule unaonata. Ukilowa huvimba na kushika viatu. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Una mfinyanzi mwingi na rutuba, ila ni mzito kulimwa.

Wa tano ni udongo wa bonde la mafuriko, yaani ile nchi tambarare ya kandokando ya mto, ambayo mto ukijaa huifunika. Udongo huu haukuzaliwa pale. Kila chembe yake ililetwa na maji. Mto ukifurika, maji yaendayo kasi huacha mchanga karibu na ukingo, na yale yanayotambaa mbali na kutulia huacha tope laini na mfinyanzi. Basi ukichimba shimo hapo huona tabaka juu ya tabaka: mchanga, tope, mchanga tena, jani lililooza, tope jekundu. Kila tabaka ni khabari ya gharika moja. Ile ya mwaka 1961 imo, na ya El Nino ya 1997 imo, na ya 2024 imeandikwa juu yake.

Tofauti hizi za ardhi si jambo geni kwetu. Katika Suratul Aaraf, aya ya 58, imetajwa nchi njema na mimea yake, na nchi mbovu na uchache wa mazao yake. Na katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, aliyoipokea Bukhari, Mtume alipigia mfano ilimu kwa mvua iliyoangukia ardhi za namna tatu: moja ikanywa maji ikaotesha, moja ikayazuia watu wakanywa, na moja haikuzuia maji wala haikuotesha. Mfano huo haumwingii sawasawa mtu asiyewahi kutazama udongo.

MSITU WA BONDENI

Juu ya udongo huo wa tano huota msitu ulio tofauti na vichaka vya miiba vinavyouzunguka. Nchi ya pembeni ni kavu, mvua haba, miti mifupi. Bali kandokando ya mto huiona mikuyu, migunga na mikoma, mirefu na ya kijani hata wakati wa kiangazi, kwani mizizi yake imeyafikia maji yaliyo chini. Misitu ya namna hii hufuata Athi na Galana, na iliyo mikubwa zaidi iko upande wa mto Tana, ambako mwaka 1976 ilitengwa hifadhi ya serikali kwa ajili ya nyani wa aina mbili wasiopatikana penginepo duniani.

Katika miti ya mabonde hayo umo mmoja wa jamii ya popla, ambao wataalamu huuita Populus ilicifolia, nao haupatikani ila Afrika ya Mashariki. Mbegu zake ni nyepesi, hupeperushwa na upepo, na haziwezi kungoja. Zikianguka juu ya tope jipya lenye unyevu, lililoachwa na gharika, huota. Zikianguka penginepo, hufa. Mti huu ni ushahidi kwamba gharika siyo msiba peke yake. Mto ukijaa kwa kiasi huleta udongo mpya, hunywesha mizizi, na huujaza maji ule mchanga wa chini ambao watu watauchimbia visima.

Nao msitu haukai bure. Mizizi yake hushika ukingo usimeguke. Majani yake huwa mboji. Na vigogo na vichaka vyake hupunguza kasi ya maji, hata tope likaanguka hapo badala ya kwenda baharini. Kwa hiyo msitu wa bondeni ni chujio, na udongo wake ni chujio la pili chini ya lile la kwanza. Anayeukata ili apate mkaa, au anayechimba ukingo ili auze mchanga, huwa ametoboa kichujio cha maji ya watu walio mbali naye.

Hapa yafaa kutaja khabari ya mchanga. Miji ilipokua na saruji ikaenea, malori yalikwenda Makueni yakazoa mchanga wa mitoni mpaka baadhi ya mito ikabaki mwamba mtupu, maji ya chini yakapotea, na ugomvi ukazuka kati ya wazoaji na wenyeji. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na matumizi yake. Wenzetu hao wa nchi kavu wamefahamu kuwa mchanga ni nyumba ya maji kabla ya kuwa nyumba ya watu.

UDONGO UHAMAO

Udongo kuhama kidogo ni jambo la maumbile. Bila ya hilo bonde lisingalikuwa na rutuba. Lakini kwamba tope la Sabaki limezidi mpaka wake, tuna shahidi asiyesema uwongo, naye ni tumbawe la Malindi. Tumbawe hukua polepole, likizidisha tabaka kila mwaka kama mti, na katika kila tabaka hubaki alama ya maji ya mwaka ule. Wajuzi walichukua kipande cha tumbawe lililoishi kiasi cha miaka 300, wakapima ndani yake bariamu, nayo ni madini yanayofika baharini pamoja na udongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Waliona kuwa tangu kiasi cha mwaka 1700 hata 1900 kipimo kilikuwa karibu hali moja. Baada ya hapo kilianza kupanda, na kikaendelea kupanda.

Nini kilitokea bara wakati huo? Utawala wa Kiingereza uliwatengea Wakamba mipaka, na nchi nyingine nzuri wakapewa walowezi. Watu na mifugo wakasongamana miteremkoni, na ardhi isipate kupumzishwa. Mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika khabari za kutisha juu ya nchi ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kilungu na Makueni yote. Dawa ya serikali ikawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza. Mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kulalamika, wakapiga kambi huko. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishwa, na mahali alipopelekwa ni Lamu. Basi kisa cha udongo wa Ukambani kilifika pwani kwa njia mbili: udongo wenyewe kwa mto, na mtetezi wa wenyewe kwa amri ya serikali.

Lakini kisa hakikuishia katika msiba, na sehemu hii ndiyo inayotufaa sana kuisoma. Baada ya kulazimishwa kuchimba matuta wasiyoyapenda, Wakamba walichagua wenyewe namna ya tuta iliyowafaa, wakaipa jina la Kiswahili, fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima, upana wake na kina chake kiasi cha sentimita 60, na udongo auchimbuao huutupa upande wa juu. Juu ya ukingo huo hupanda majani ya kulisha ng'ombe. Kila mvua ikinyesha, maji husimama nyuma ya ukingo, tope likatulia, na baada ya miaka michache mteremko huwa ngazi tambarare. Kazi hii ilifanywa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani wasaidianao, na wengi wao ni wanawake. Leo shamba la mama huyu, kesho la yule.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya nchi hiyo. Walionyesha kuwa watu wa Machakos walikuwa kiasi cha 238,000 mwaka 1932, wakafika karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na juu ya hivyo udongo katika mashamba ukawa unahama kidogo kuliko zamani walipokuwa wachache. Hii ni hoja kubwa juu ya wale wasemao kuwa ardhi huharibika kwa sababu ya wingi wa watu tu. Ardhi huharibika watu wanapokosa haki ya kuimiliki, wanapokosa soko la mazao yao, na wanapokosa umoja. Na hutengenea wakiyapata hayo.

Hata hivyo tope la Athi halijakwisha. Barabara zisizo na mifereji mizuri, kingo zilizochimbwa mchanga, na malisho yaliyokwanguliwa katika nchi za chini zilizo kavu, vyote vingali vikiupa mto udongo mwingi.

UDONGO UTIWAO SUMU

Sasa tuje kwenye jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yaliyotangulia, kwa sababu halionekani kwa macho. Tope jekundu mtu huliona akalikimbia. Risasi haina rangi majini wala haina ladha.

Mto Athi hupokea maji ya mto Nairobi na vijito vyake, navyo hupita katika viwanda, gereji, na mitaa isiyo na mifereji ya maji machafu. Kando ya mto Nairobi liko jaa la Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa khabari za uchunguzi uliofanywa hapo: udongo ulikutwa na madini mazito kupita kiasi, na katika watoto 328 waliopimwa, nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofika au kupita kipimo kilichokubaliwa wakati ule. Mvua ikinyesha juu ya jaa kama hilo, yanayotiririka huenda mtoni.

Uchafu uingiao katika udongo tuugawe mafungu matatu, kwani kila fungu lina hukumu yake.

Fungu la kwanza ni uchafu unaooza, kama kinyesi na mabaki ya vyakula. Huu una madhara makubwa ya maradhi, lakini vijidudu vya udongo huula, na baada ya muda humalizika, maadamu hauzidi nguvu za udongo wenyewe.

Fungu la pili ni ule unaochelewa kuoza, kama baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Dawa ya DDT Kenya ilikatazwa katika kilimo mwaka 1986, na bado mabaki ya dawa za namna hiyo yaweza kukaa ardhini miaka mingi. Katika fungu hili ingia mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwezi wa Agosti 2017. Haiozi upesi, bali hukatika vipande vidogo vidogo vikachanganyika na udongo.

Fungu la tatu ni ule usiooza kabisa, nayo ni madini mazito: risasi, zebaki, kadimiamu. Haya hayafi. Yakianguka juu ya mfinyanzi hukaa, na watoto wa watoto watayakuta.

Sasa mwanafunzi akumbuke lile tulilolisema juu ya mfinyanzi, na alichanganye na khabari ya bonde la mafuriko. Madini yaliyoganda katika punje za mfinyanzi husafiri pamoja nazo. Mto unapokwenda kasi hayatui. Mto unapofurika na maji kutulia chini ya miti ya bondeni, punje huanguka, na sumu huanguka pamoja nazo. Ndiyo maana udongo wa bonde la mafuriko, ambao ni bora kuliko zote kwa rutuba, ndio pia unaokusanya uchafu kuliko zote. Msitu huwachujia watu wa chini, ila kile ulichokichuja hubaki ndani yake.

Wala hakibaki kwa amani milele. Udongo unaposhiba maji muda mrefu, hewa ikakosekana ndani yake, kutu ya chuma huyeyuka, na yaliyokuwa yamegandana nayo huachiliwa. Udongo ukizidi ukali wa tindikali, madini huachiliwa vile vile. Na gharika kubwa ikija ikaumega ukingo, tope la miaka 30 iliyopita huingia mtoni siku moja. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa uchafu uliozikwa umekwisha.

Mfano wa haya tunao karibu na nyumba zetu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014. Risasi ikaingia katika udongo wa nyua na katika damu za watoto. Wenyeji wakashitaki. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua mwaka 2023, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilifungwa, lakini kufunga mlango wa kiwanda hakukuiondoa risasi iliyokwisha kuingia ardhini.

Na huko Makueni liko jambo linalowashughulisha watu. Mahali Thwake inapokutana na Athi, mwaka 2018 lilianza kujengwa bwawa kubwa, la urefu wa kiasi cha mita 80 kwenda juu, ili liwape watu maji ya kunywa, ya mashamba na ya umeme. Bwawa hutuliza maji, na maji yaliyotulia huangusha tope. Yatakayoletwa na Thwake kutoka Kilungu na Mbooni ni udongo. Yatakayoletwa na Athi kutoka Nairobi ni udongo pamoja na yaliyogandana nao. Ndiyo sababu watu wa huko wamekuwa wakidai mto usafishwe huko juu kwanza. Dai lao ndilo dai letu, kwani sisi tu chini zaidi yao.

HAKI YA ALIYE CHINI

Sheria yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika Bukhari imo khabari ya Zubayr na mtu wa Kiansari walioteta juu ya mfereji wa maji ya mitende. Zubayr alikuwa juu, na mwenziwe chini yake. Mtume aliamua kuwa aliye juu anyweshe kwanza, kisha amwachilie jirani yake maji. Wanachuoni wakapata humo kuwa aliye juu ana haki ya kutangulia, wala hana haki ya kuzuia. Na kama hana haki ya kuyazuia maji, vipi atakuwa na haki ya kuyapeleka yakiwa yameharibika, ilhali ni kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi kuwa madhara huondolewa?

Sheria ya nchi nayo imekwenda njia hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kabla yake ilikuwapo sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999. Maandishi hayakupungua. Kilichopungua ni watu wa kuyadai.

YATUPASAYO

Kwanza, tusiwe sisi wenyewe waharibifu wa udongo. Mafuta machafu ya gari yasimwagwe uani. Betri kuukuu zisivunjwe nyumbani. Makopo ya dawa ya wadudu yasioshwe mtoni wala yasitumiwe kutekea maji. Mwenye shamba ukingoni mwa Sabaki na aache ukanda wa miti na majani kati ya shamba na mto.

Pili, tuangalie visima vyetu, khasa vya misikiti. Mchanga wa mto huchuja; lakini sehemu nyingi za miji yetu zimejengwa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji machafu hupita humo upesi bila ya kuchujwa. Kisima kilicho karibu na shimo la choo si cha kuaminika hata maji yake yakiwa meupe. Na yapimwe.

Tatu, palipo na shaka ya risasi, kama penye gereji ya zamani au karibu na barabara kuu, mboga za majani zisipandwe. Udongo ufunikwe kwa majani, utiwe mboji na chokaa, navyo hupunguza nguvu ya madini kuingia mimeani. Watoto waoshwe mikono kabla ya kula, kwani sumu hii huingia kwa njia ya vidole na vumbi kuliko kwa njia nyingine.

Nne, tudai khabari. Mamlaka zinazotuuzia maji hupima maji. Basi tuulize, kwa adabu na kwa maandishi, madini mazito yamepimwa lini na matokeo yake ni nini. Sheria ya maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyochukua mahala pake, zimewaruhusu watumiaji wa mto kuunda vyama vyao. Mtu wa Mambrui na mtu wa Kilungu ni watumiaji wa mto mmoja.

Tano, tujue fadhila ya watu tusiowaona. Yule mama wa Kilungu anayeinuka alfajiri na kikundi chake cha mwethya kuchimba fanya juu, hujitakia mahindi yake, lakini ameyalinda matumbawe ya Malindi na mchanga wa Baricho bila ya kutuambia tulipe. Wenye mali miongoni mwetu wamezoea kutoa sadaka ya maji kwa kuchimba kisima. Ni jambo jema. Na waifikirie pia sadaka ya kupanda miti ukingoni mwa mto, huko maji yatokako, kwani kisima hakina maji ila yale yaliyoachiwa na udongo.

MASWALI YA DARASA

1. Taja udongo wa namna tano tangu kilele cha Kilungu hata ukingo wa Athi, na kazi ya kila mmoja.
2. Kwa nini mfinyanzi hushika chakula cha mimea, na hushika sumu pia?
3. Gharika hudhuru vipi bonde, na hulifaa vipi?
4. Tumbawe la Malindi lilijulisha nini juu ya nchi ya bara?
5. Uchafu wa udongo ni mafungu mangapi, na lipi lisiloisha?
6. Katika mtaa wako, ni mahali gani udongo unatiwa sumu hivi sasa, na ni nani wa kuambiwa?

Swali la sita lijibiwe baada ya kwenda kuangalia, wala si kwa kukisia. Wabillahi ttawfiq.